Shemeji kapenda Beetle, na hela ya msingi iko benki

  Mada niliyokuwa nimekuandalia nimeiweka pembeni kwa sababu ya barua moja niliyoipokea kutoka kwa dada mmoja wa hapa Dar. Kwa ufupi anasema hivi:

“Dada Mhariri, mume wangu kanasa. Usiku halali, yuko na simu tu, anatabasamu peke yake. Nikajua tayari, kuna mwanamke. Siku niliyoichungulia nikakuta ni gari! Volkswagen Beetle ya mwaka 1968, rangi ya maziwa, iko Tabata. Mwenyewe anataka milioni 9. Sisi benki tuna milioni 11, ni za kuanzia msingi wa nyumba Kibaha. Dalali anasema kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi. Nimkatalie au nimwache?”

Nilicheka, halafu nikaacha. Mnaojenga mnajua milioni 11 zinavyopatikana. Ni miaka ya kubeba chakula kutoka nyumbani, harusi za watu ulizochangia kidogo ukaonekana bahili, na likizo mlizomalizia sebuleni. Pesa hiyo ikiyeyukia gereji, kitakachovunjika si akaunti peke yake.

Jibu langu, dada yangu: usimkatalie, na usimwache aende peke yake. Nenda naye. Ukimkatalia bila kuliona gari, atakukumbusha Beetle hiyo mpaka mnazeeka. Ukimwachia, ataliangalia kwa macho ya mpenzi, na macho ya mpenzi hayaoni kutu. Mimi nimezunguka na watu wanaotafuta magari ya zamani, na mara kadhaa nimekwenda na fundi mmoja wa Gerezani, mzee ambaye alianza kushika spana kabla mimi sijazaliwa. Haya ninayokueleza nimeyaona yakifanyika.

Kwanza mkague shemeji

Kabla ya kugusa boneti, kaeni chini muulizane: gari hili ni la nini? Majibu huwa matatu.

La kwanza, “tupate usafiri.” Hapo simama. Gari la mwaka 1968 halina mifuko ya hewa, Beetle nyingi za wakati huo zina breki za dramu, na kiyoyozi hakuna. Foleni ya Mandela saa kumi jioni, jua la Februari, mtoto yuko kiti cha nyuma. Kama ndilo litakuwa gari lenu la pekee, kwa pesa hiyo tafuteni gari dogo la kisasa mlale usingizi.

Jibu la pili, “ni uwekezaji, magari haya yanapanda bei.” Taratibu! Beetle ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003, na kufikia siku hiyo zilikuwa zimetengenezwa 21,529,464. Kitu kilichotengenezwa mara milioni 21 hakiwi adimu kwa sababu ya uzee peke yake. Zinazotafutwa kwa bei kubwa ni zile za mwanzo kabisa: zenye kioo cha nyuma kilichogawanyika mara mbili, ambazo ziliishia mwaka 1953, na zile za kioo cha umbo la yai zilizofuata mpaka mwaka 1957. Ya mwaka 1968 ni gari zuri, ila haitawajengea nyumba.

Jibu la tatu ndilo la kweli mara nyingi, na ndilo wanaume wanaona aibu kulisema: “baba alikuwa nalo.” Kuna wachumba niliowasindikiza kuangalia gari la namna hii. Dada alikuwa amenuna tangu asubuhi. Njiani jamaa akasema, kama anayeongea na dirisha, kwamba marehemu baba yake alikuwa mwalimu Moshi, na kwamba alijifunza kuhesabu akiwa amesimama kiti cha nyuma cha Beetle, akihesabu nguzo za simu. Gari lote likawa kimya. Miaka miwili ya uchumba na yule dada hakuwahi kuisikia hadithi hiyo.

Kumbukumbu ina haki ya kuwa na bei, na wala si upuuzi. Lakini iandikeni peke yake. Semeni wazi, “kwa ajili ya mzee tuko tayari kuongeza milioni moja juu ya thamani ya gari,” na msizidishe. Hatari huja pale bei ya kumbukumbu inapojificha ndani ya bei ya bati, mtu akalipa milioni 9 kwa gari la milioni 5 na kuapa kwamba amepata dili.

Rangi inadanganya kuliko meseji za saa nane usiku

Mzee wangu wa Gerezani akifika kwenye gari haangalii injini. Ananisisitizia kila safari kwamba injini ya Beetle inabadilika, bodi ndilo gari lenyewe. Na ni kweli. Injini ile iko nyuma, inapozwa kwa hewa, haina rejeta, na imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne. Mafundi wawili wenye jeki wanaishusha asubuhi. Bodi lililooza, kwa upande wake, linakula wiki na wiki za kukata na kuchomelea, na bili haisemi itaishia wapi.

Kwa hiyo mkague kutu kabla ya kitu kingine chochote, tena mchana, gari likiwa kavu. Gari lililotoka kuoshwa linang’aa na kuficha mawimbi ya bodi. Vaeni nguo za kuchafuka. Mbebe tochi, sumaku ndogo na kitambaa chembamba.

Funikeni sumaku kwa kitambaa msije mkachubua rangi ya watu, kisha muipitishe kwenye bodi, hasa sehemu za chini. Penye bati inashika. Ikiteleza au ikidondoka, chini ya rangi kuna puti, ile ambayo fundi wa rangi anajazia mashimo. Puti kidogo kwenye pancha la mlango si dhambi. Puti kwenye mhimili wa chini ya mlango ni kesi nyingine. Ile mihimili miwili inayokwenda kutoka tairi la mbele hadi la nyuma ina uwazi ndani, hewa ya moto ya hita hupitia humo, na ndiyo inayolipa bodi nguvu. Ikioza, gari linaanza kulegea katikati.

Mtajuaje? Fungueni mlango taratibu na kuufunga. Ukishuka ukifunguliwa, au ukigoma kurudi mahali pake, muwe na mashaka. Angalieni upenyo kati ya mlango na bodi ya nyuma: juu na chini uwe sawa. Mwangalie na pale jeki ya gari inapochomekwa pembeni. Penye afya ni pagumu, penye kutu pameshapondeka.

Sasa ng’oeni kiti cha nyuma, kinatoka bila spana. Betri ya Beetle inakaa chini yake, upande wa kulia, na asidi yake ikimwagika inakula sakafu miaka na miaka bila mtu kuona. Bonyezeni kwa kidole gumba. Nimewahi kuona kidole cha mzee kikipita hadi tukaona mchanga wa chini. Muuzaji akasema, “hiyo ndogo tu.” Hapohapo mwangalie kama juu ya betri kuna kifuniko. Springi za kiti zikigusa vichwa vya betri, moto unaweza kuwaka chini ya mtoto aliyekaa.

Nyanyueni na makapeti yote. Mbele, toeni tairi la akiba na mchungulie shimo lake, maana maji hupenda kutuama pale.

Halafu ulizeni gari limeishi wapi. Gari lililokaa Dar, Tanga au Zanzibar limevuta hewa ya chumvi maisha yake yote. Lililolelewa Dodoma au Iringa lina nafasi nzuri zaidi ya kuwa na sakafu yake ya kuzaliwa. Msiishie kwenye jibu la mdomo tu, ombeni risiti za zamani za gereji. Risiti kumi zilizokunjamana zina maana kuliko rangi mpya.

Na hiyo rangi ya maziwa inayong’aa, imepigwa lini? Kama ni mwezi uliopita, ulizeni picha za gari kabla halijapigwa rangi. Asiyekuwa nazo anaweza kuwa mkweli, lakini punguzeni bei kama ambaye hamjaona kitu.

Injini: fikeni bila kupiga honi

Mkiweza, fikeni nusu saa kabla ya muda. Shemeji aguse injini kwa tahadhari. Ikiwa ya moto, kuna mtu kaiwasha mapema, na huenda anaficha ugumu wa kuamka asubuhi. Mwambieni mtasubiri ipoe. Agizeni soda.

Injini ikiwa imezimwa, gia ikiwa huru, fundi wenu ashike ile puli kubwa ya chini inayozungusha mkanda wa feni, aivute kwake na kuisukuma ndani. Mchezo unaokubalika mwisho wake ni kama milimita 0.15, yaani jicho halioni kitu. Mkisikia “tak, tak,” injini imechoka ndani kabisa, na dawa yake ni kuifungua yote. Kipimo hiki ni cha bure, kinachukua dakika moja, na wauzaji wengi hawakipendi.

Ikiwaka, angalieni moshi. Wa bluu usioisha maana yake inakula oili. Taa ya chaji kwenye dashibodi lazima iwake mnapofungua swichi, na izime injini ikinguruma. Msiidharau. Mkanda unaozungusha dainamo ndio unaozungusha feni ya kupoza injini, kwa hiyo taa hiyo ikiwaka mkiwa barabarani mnatakiwa kusimama papo hapo. Ambaye taa yake “iliungua zamani” anaendesha akiwa kipofu.

Mpapase na mipira ya mafuta ya petroli. Iliyokauka na kupasuka ibadilishwe kabla gari halijatoka uani kwa muuzaji. Beetle nyingi zimeteketea kwa mpira wa bei ya chipsi mayai kudondoshea petroli kwenye injini ya moto.

Barabarani, mwachie mguu ghafla ukiwa gia ya pili, ya tatu na ya nne. Gia ikiruka yenyewe, giaboksi linahitaji kazi. Kanyaga breki mahali salama uone kama gari linavuta upande mmoja. Usukani ukizunguka sana kabla matairi hayajaitika, iandike. Yote yaandikwe, na mwandishi awe wewe dada, kwa sababu shemeji muda huo atakuwa anatabasamu.

Karatasi nazo zina kutu

Gari la zaidi ya miaka hamsini limepita mikono mingi, na baadhi ya mikono hiyo iko makaburini. Hapa ndipo wanandoa wengi wanapolizwa.

Ombeni kadi ya gari, halisi, si picha ya simu. Jina la kwenye kadi ni la anayeuza? Kama ni la marehemu baba yake, hata kama kijana ni mwema na analia machozi ya kweli, hawezi kuuza mpaka mahakama iwe imemteua msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo ndiye asaini. Ndugu watano waliokubaliana kwa mdomo ni kesi tano zinazosubiri.

Kisha linganisheni namba ya chesisi na kadi. Kwenye Beetle imegongwa kwenye mgongo wa katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma mlichokwishakiondoa. Namba hiyo inasema na umri. Kwa Beetle za kawaida zilizotoka Ujerumani, za modeli ya mwaka 1965 hadi 1969, ina tarakimu tisa: mbili za kwanza ni 11, na ya tatu ni mwaka. Ikianza na 118, ni modeli ya 1968, ambayo ilianza kutoka kiwandani Agosti 1967. Ikianza na 116 wakati tangazo linasema 1968, kuna mtu hajui au anajua sana. Na kama namba imekwaruzwa, au imechomelewa upya, shukuruni kwa soda na mwende nyumbani.

Mwisho, angalieni kama gari lina deni la faini za barabarani, mkataba uandikwe kwa wakili, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA bila kungoja “tukipata nafasi.”

Sasa hesabu

Thamani ya gari la zamani haijulikani kwa kuangalia tangazo. Tangazo ni ndoto ya muuzaji. Tafuteni Beetle mbili tatu za umri huo zilizokwisha kuuzwa, na muwaulize walionunua walilipa ngapi hasa. Bei za mitandao ya Ulaya na Marekani hazisaidii sana, gari liko Tabata.

Huko nje kampuni kama Hagerty ya Marekani huyapanga magari haya katika madaraja manne: la kwanza ni la maonyesho, la pili bora sana, la tatu zuri lenye kasoro za matumizi, la nne linatembea lakini kasoro zinaonekana. Nawashauri mtumie ngazi hiyo kwa ukali. Magari mengi yanayotangazwa hapa kwetu kuwa “kama jipya” ni daraja la tatu, au la nne lililopakwa poda.

Hesabu yenyewe ni hii. Namba ni za mfano tu, wekeni zenu. Tuseme Beetle nzuri, iliyonyooka na yenye karatasi safi, watu wanaipata kwa milioni 12. Hiyo yenu inahitaji kukatwa sakafu na kuchomelewa mihimili, fundi bodi kasema milioni 2.8. Rangi baada ya hapo milioni 1.5. Breki, matairi na mipira milioni 1.2. Jumla 5.5. Ongezeni asilimia 20 ya matengenezo kwa yale ambayo yataonekana baada ya kufungua, maana lazima yaonekane, hiyo ni milioni 1.1. Jumla 6.6. Toeni kwenye 12: inabaki milioni 5.4.

Hiyo ndiyo thamani yake leo, pale ilipo. Mkiongeza ile milioni moja ya mzee, mwisho wenu ni 6.4. Muuzaji anataka 9? Si adui yenu, mna namba tofauti tu. Muonyesheni orodha kwa heshima, kitu kimoja kimoja. Wengine hushuka, kwa sababu kasoro mlizoziandika wanazijua.

Lakini angalieni upande wa pili wa karatasi. Mkinunua kwa 6.4 halafu mkaweka 6.6 za matengenezo, mmefika milioni 13, na benki kuna 11. Gari litasimama kwenye matofali, na msingi wa Kibaha hautachimbwa. Kwa kipato cha wengi wetu ni nafuu kumlipa mtu aliyekwisha kutengeneza kuliko kuanza na bovu. Inauma kutoa milioni 12 kwa mkupuo, ila bili mnaijua. Na kama hamna, jibu la mwaka huu ni hapana, na hakuna aibu. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962 kwenye matope ya Afrika Mashariki. Litawasubiri mpaka nyumba ipate paa.

Wale wachumba wangu? Gari lile waliliacha. Sakafu ilikuwa kapeti tupu. Baada ya miezi minane walipata jingine Arusha, rangi imepauka, kiti kimechanika, bati kavu chini hadi juu, kadi kwa jina la muuzaji. Aliyesema “tulichukue” ni yule dada aliyekuwa amenuna. Fundi alikwishapita, orodha ilikuwa mkononi mwake, na jumla ya matengenezo haikufika milioni mbili.

Ya dalali na Jumamosi yake

Yule mteja mwingine anayekuja Jumamosi, nimekutana naye kwenye viwanja, kwenye nyumba za kupanga, na kwenye magari yote niliyowahi kuangalia. Huja kila Jumamosi, na hajawahi kununua kitu. Akinunua kweli safari hii, mwacheni, amewanunulia na kutu.

Fanyeni hivi wiki hii, dada yangu na shemeji. Leo usiku, watoto wakilala, andikeni kwenye karatasi moja namba mbili: ya gari, na ya kumbukumbu. Wekeni na namba ya tatu, kiasi cha akaunti ambacho hakitaguswa hata fundi akilia. Wote wawili msaini. Karatasi ikae kwenye pochi yako, maana ya shemeji itapotea. Ndipo mumpigie fundi asiye rafiki wa muuzaji, mmlipe nauli na muda wake, na mwende Tabata mchana kweupe.

Na mkiwa njiani, kabla dalali hajaanza maneno, muulize mumeo akuhadithie gari la baba yake. Hilo halina bei, na hamhitaji kununua chochote ili kulisikia.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.